Mtoto Asajiliwa, Baba Aajiriwa

Kila mwezi Machi, mashindano ya ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani yanapoanza, mimi hulala mchana ili nikeshe usiku. Mechi kubwa za mpira wa kikapu kule huisha wakati huku Dar es Salaam muadhini anajiandaa kwa alfajiri. Nimestaafu ualimu wa michezo, kwa hiyo hakuna tena mkuu wa shule wa kuniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Wanaonitafuta ni wazazi. Tangu Hasheem Thabeet atoke mjini humu, achezee Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya 2009, mzazi mwenye kijana mrefu hakosi hesabu zake kichwani. Maswali yao nayajua: viza, ada, ufadhili wa masomo, Kiingereza. Siku hizi limeongezeka lingine: “Mwalimu, ni kweli kwamba kule wakimtaka mtoto sana, na baba yake wanampa kazi?”

Ni kweli. Huwapata wachache, na hao wachache ni wale ambao vyuo vinawagombania kufa na kupona. Baadhi ya vyuo vilivyofanya hivyo vimebeba ubingwa wa taifa. Kwa kuwa naona swali lenyewe huulizwa kwa tamaa kidogo, nimeona nilijibu kwa kirefu: jambo hili lilianzaje, sheria yao inasemaje, na kwa nini mimi naliona baya hata pale linapokuwa halali.

Dereva wa lori wa Greensboro

Mwaka 1983 Larry Brown aliajiriwa kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika mji mdogo wa Lawrence. Wakati huo, mbali sana na hapo, mjini Greensboro, North Carolina, aliishi bwana mmoja aitwaye Ed Manning. Ed aliwahi kucheza mpira wa kulipwa katika NBA na katika ligi iliyoshindana nayo, ABA, ambako Brown mwenyewe alikuwa kocha wake kwenye timu ya Carolina Cougars. Aliwahi pia kuwa kocha msaidizi katika chuo cha North Carolina A&T. Lakini mwaka ule Ed alikuwa anaendesha lori.

Nyumbani kwa Ed kulikuwa na kijana wa futi 6 na inchi 10, Danny, aliyebakiza mwaka mmoja wa sekondari. Vyuo vyote vikubwa vilikuwa vinamwinda. Brown akampa Ed kazi ya kocha msaidizi, familia ikahamia Lawrence, Danny akamalizia sekondari palepale mjini, na 1984 akaingia chuoni Kansas. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Miaka minne baadaye, katika fainali ya 1988 iliyochezwa Kansas City, Danny alifunga pointi 31 na kudaka ribaundi 18, Kansas ikaifunga Oklahoma 83 kwa 79. Mwaka huohuo Danny alichaguliwa wa kwanza katika drafti, akaenda Los Angeles Clippers. Brown akahamia San Antonio Spurs, na Ed akamfuata huko kuwa msaidizi wake. Mtoto, baba na kocha, wote watatu waliondoka Kansas ndani ya mwaka mmoja.

Angalia lililofuata. Mwaka ule ule chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, NCAA, kiliiadhibu Kansas, na bingwa akazuiwa kutetea taji lake kwenye mashindano ya 1989. Kosa lilikuwa misaada aliyopewa mchezaji mwingine aliyetaka kuhamia hapo, ikiwemo tiketi ya ndege. Mshahara wa Ed Manning haukuwa kosa. Tiketi ya kijana mmoja ilivunja sheria; ajira ya baba mzima, kwa miaka mitano, haikuvunja hata kifungu kimoja.

Tusichanganye mambo hapa. Baba kumfundisha mwanawe ni jambo la kale, na halina aibu. Press Maravich alikuwa tayari kocha mkuu wa North Carolina State alipochukuliwa na Louisiana State mwaka 1966. Mwanawe Pete akaenda naye, akafunga pointi 3,667 kwa misimu mitatu, wastani wa pointi 44.2 kwa mechi, enzi ambayo hakukuwa na mstari wa pointi tatu. Doug McDermott alimfuata baba yake, Greg, chuoni Creighton mwaka 2010, na msimu wake wa mwisho alisalimisha nafasi yake ya ufadhili ili mwenzake aitumie, yeye akacheza kwa kulipiwa ada na wazazi. Katika nyumba hizo mtoto alimfuata baba penye kazi. Ninaloliongelea mimi ni baba kumfuata mtoto penye mshahara.

Babu, baba na mjukuu

Hakuna ukoo unaoeleza habari hii kuliko ukoo wa Wagner wa Camden, New Jersey. Milt Wagner alikuwa bingwa wa taifa na Louisville mwaka 1986. Mwanawe, Dajuan, alifunga pointi 100 katika mechi moja ya sekondari mwaka 2001. Kabla hajamaliza shule, John Calipari, kocha wa Memphis, alikuwa ameshamwajiri Milt katika ofisi ya timu. Rafiki mkubwa wa Dajuan, waliyecheza naye sekondari, naye akapata ufadhili Memphis. Dajuan alicheza msimu mmoja tu, akachaguliwa wa sita katika drafti ya 2002.

Miaka ikapita. Dajuan akapata mtoto, DJ, naye akawa katika vijana wanaotafutwa zaidi nchini. Mwaka 2022 Louisville, chini ya kocha Kenny Payne, ikampa babu Milt kazi. Sababu nyingine zilikuwepo: Milt ni bingwa wa chuo hicho, na Payne alikuwa mwenzake katika timu ile ya 1986. Ila kila aliyefuatilia mpira huo alijua ni nani anayesubiriwa. DJ akachagua Kentucky, mahasimu wakubwa wa Louisville, ambako kocha alikuwa nani? Calipari yuleyule. Msimu ule Louisville ilishinda mechi 4 ikapoteza 28. Calipari alipohamia Arkansas mwaka 2024, DJ akahama naye.

Kansas nayo ilirudia. Mwaka 2005 ilimchukua Mario Chalmers kutoka Anchorage, Alaska, na baba yake, Ronnie, akapewa ukurugenzi wa uendeshaji wa timu: safari, hoteli, ratiba, chakula. Ronnie alikuwa mwanajeshi wa anga na ndiye aliyemfundisha mwanawe sekondari. Katika fainali ya 2008 dhidi ya Memphis ya Calipari, zikiwa zimebaki sekunde 2.1, Mario alirusha mpira wa pointi tatu uliosawazisha 63 kwa 63. Kansas ikashinda 75 kwa 68 katika dakika za nyongeza. Kocha msaidizi mmoja katika benchi la Kansas usiku ule alikuwa Danny Manning, mtoto wa dereva wa lori. Mario alipoondoka kwenda NBA, baba naye aliacha kazi.

Sheria iliyopandisha bei

Vyuo vilipoona njia inapitika, vikaitanua. Wakaanza kuajiriwa makocha wa timu za mitaani za kiangazi, wakufunzi binafsi, hata watu ambao kazi yao ni kutembea na kijana na kumshikia simu. Vyeo vikabuniwa: mratibu, mkurugenzi wa maendeleo ya wachezaji, mshauri wa video. Mwaka 2008 Baylor ilimwajiri kocha wa timu ya kiangazi ya John Wall. Wall akaenda zake Kentucky.

Mwaka 2010 NCAA ikatunga kanuni. Kwa lugha nyepesi inasema hivi: miaka miwili kabla mchezaji hajaingia chuoni na miaka miwili baada ya kuingia, chuo kisimwajiri mtu wake wa karibu, awe mzazi, mlezi, kocha au mkufunzi, katika kazi yoyote ya idara ya michezo isiyo ya ukocha. Wakitaka kumwajiri, basi awe kocha kamili anayehesabiwa. Nafasi hizo zilikuwa chache: kocha mkuu na wasaidizi watatu. Fikra ilikuwa kwamba hakuna kocha atakayepoteza moja ya nafasi tatu za thamani kwa mtu asiyejua kazi.

Fikra hiyo haikuzingatia thamani ya kijana mmoja. Kikapu kina wachezaji watano tu uwanjani. Mtu mmoja mwenye kipaji cha hali ya juu anabadilisha msimu, msimu unabadilisha mapato ya tiketi na michango ya matajiri waliosoma hapo, na mapato yanaokoa kibarua cha kocha mkuu anayelipwa mamilioni ya dola. Ukipiga hesabu hiyo, kiti kimoja cha msaidizi ni bei nafuu. Kanuni ikawafungia nje wale wa vyeo vya kubuni, na wale wazazi wenye watoto bora kabisa ikawasogeza kwenye kiti chenye mshahara mkubwa zaidi.

Ndipo tunafika kwa Michael Porter. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kilimwajiri Michael Porter mkubwa kuwa kocha msaidizi. Alikuwa amefanya kazi katika timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Missouri, na kocha wa Washington, Lorenzo Romar, alikuwa baba wa ubatizo wa mwanawe. Familia ikahama, Michael mdogo akamalizia sekondari Seattle, na timu ya shule yake ikashinda mechi zote 29. Akasaini kwamba atachezea Washington. Machi 2017, baada ya msimu wa ushindi 9 na vipigo 22, Romar akafukuzwa. Kijana akaomba afunguliwe. Missouri ikamwajiri kocha mpya, Cuonzo Martin. Martin akamwajiri baba kwa mkataba wa miaka mitatu, dola 375,000 kwa mwaka. Na haukuisha mwezi Machi kabla kijana hajatangaza kwamba anarudi nyumbani Missouri. Mdogo wake, Jontay, naye akaja.

Katika mechi ya kwanza, Michael mdogo alicheza dakika mbili tu. Mgongo. Akafanyiwa upasuaji, akarudi mwishoni mwa msimu kwa mechi mbili, ya mwisho akafunga pointi 16 na ribaundi 10, timu ikatolewa. Maisha yake yote ya mpira wa chuo yalikuwa dakika 53. Kisha akaenda NBA, na Denver wakamchagua wa 14.

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi watulie wafikiri. Kijana wa miaka 19, mgongo umekatwa, na dunia nzima inajua mshahara wa baba uliingia nyumbani kwa mguu wake. Arudi uwanjani au apumzike? Daktari anaweza kusema lake, naye mwenyewe lake. Sijui walizungumza nini nyumbani kwa Porter na sitawasemea. Ninachosema ni kwamba mtoto hapaswi kuwekwa mahali ambapo swali hilo linawezekana.

Mlango wa mbele na mlango wa nyuma

Septemba 2017 polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, waliwakamata makocha wasaidizi wanne: Chuck Person wa Auburn, Lamont Evans wa Oklahoma State, Emanuel Richardson wa Arizona na Tony Bland wa Southern California. Hakuna kocha mkuu hata mmoja aliyeshtakiwa. Pamoja nao walikamatwa watu waliokuwa na uhusiano na kampuni ya Adidas, wakidaiwa kupanga kumlipa dola 100,000 baba wa mchezaji Brian Bowen ili kijana aende Louisville. Mahakamani New York, Oktoba 2018, baba huyo alipanda kizimbani akaeleza fedha alizopokea. Waliopanga malipo wakatiwa hatiani kwa utapeli, na chuo kikahesabiwa kuwa mwathirika aliyetapeliwa. Kijana mwenyewe hakucheza hata mechi moja ya chuo.

Sasa linganisha. Dola 100,000 kwa baba, kwa siri: jela. Dola 375,000 kwa mwaka kwa baba mwingine, kwa mkataba na tangazo kwa waandishi wa habari: karibu sana, kocha. Southern California, ambayo msaidizi wake alikamatwa 2017, mwaka 2018 ilimwajiri Eric Mobley kuwa kocha msaidizi. Wanawe Isaiah na Evan wakafuata, na Evan akachaguliwa wa tatu katika drafti ya 2021. Oklahoma State, ambayo msaidizi wake naye alikamatwa, mwaka 2019 ilimwajiri Cannen Cunningham. Miezi michache baadaye mdogo wake, Cade, akatangaza kwamba anakwenda huko, na 2021 akachaguliwa wa kwanza nchini. Vyuo vile vile, miaka ile ile. Mlango wa nyuma ulipofungwa, wa mbele ulikuwa wazi muda wote.

Watanzania wenzangu tutalielewa hili haraka. Tuliwahi kuwa na takrima ndani ya sheria ya uchaguzi: mgombea aliruhusiwa kuwakirimu wapiga kura, huku rushwa ikibaki kosa. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006 kwa kuwa haikuendana na Katiba. Wamarekani katika kikapu chao wameamua kubaki na takrima.

Wanaotetea wana hoja

Nisingekuwa mwalimu kama nisingesikiliza upande wa pili, na upande huo una watu wenye akili.

Hoja ya kwanza: baadhi ya wazazi hawa wanaijua kazi. Ed Manning alicheza miaka tisa ya kulipwa. Eric Mobley alifundisha vijana kwa miaka mingi kabla ya Southern California kumtafuta, na wanawe walipoondoka yeye alibaki benchi. Je, mtu anyimwe kazi anayoiweza kwa sababu tu amezaa mtoto mrefu?

Hoja ya pili: ajira ya kujuana imejaa katika ukocha wote. Makocha wakuu huajiri watoto wao, wakwe zao, wenzao wa darasani, na hakuna anayepiga kelele. Kelele huanza dereva wa lori anapoingia mlangoni.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Kwa miongo mingi mchezaji alikatazwa kulipwa chochote zaidi ya masomo, malazi na chakula. Kocha alilipwa, kampuni ya viatu ikavuna, televisheni ikavuna, mwenye hoteli jirani na uwanja akavuna. Mzazi aliyemwamsha mtoto saa kumi na moja asubuhi na kumpeleka mazoezini tangu ana miaka saba, yeye peke yake ndiye aambiwe asimamie maadili?

Hoja hiyo ya tatu ilinishika kwa muda mrefu, na bado naiheshimu. Ila tazama inakotufikisha. Kama fedha ni haki ya kijana kwa jasho lake, basi apewe kijana. Kumpa baba ni kukiri kwamba deni lipo, kisha kumlipa mtu mwingine.

Nani analipia

Kijana ndiye wa kwanza. Anachagua chuo kwa miaka ya ujana wake: masomo yake, kocha wake, marafiki zake wa kudumu. Baba anapokuwa na ajira upande mmoja wa mizani, uchaguzi huo si wake tena. Na akishafika, kuondoka ni kumfukuzisha baba kazi. Mchezaji mwingine akiona hapangwi, anahama. Huyu atahamaje?

Wa pili ni wenzake. Kuna wakati nilifundisha timu ya sekondari ambayo mtunza vifaa wetu alikuwa mzazi wa mchezaji mmoja. Bwana yule alikuwa mstaarabu, hakuwahi kuniingilia kupanga kikosi. Hata hivyo, alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, mazungumzo yalikatika. Mwanawe wakampachika jina la mtoto wa bosi, na kila alipoanza mechi kuna aliyemtazama mwenzake. Yule alikuwa mtunza mipira wa kujitolea. Fikiria ni kocha anayekaa kwenye kikao cha kuamua nani aanze, nani akae benchi, nani apoteze ufadhili.

Wa tatu ni watu ambao majina yao hatutayajua kamwe: kijana aliyemaliza chuo, akafundisha timu ndogo kwa mshahara wa kubahatisha, akasubiri miaka kumi nafasi moja kati ya tatu. Nafasi imetoka, haikutangazwa kwa maana halisi, imekwenda kwa mwenye mtoto. Vyuo vya umma vya Marekani vina kanuni za kumzuia ofisa asimwajiri ndugu yake. Hapa ndugu ni wa mwanafunzi, kwa hiyo kanuni inapitwa kando, ingawa fedha ni za umma na upendeleo ni uleule.

Wa nne ni baba mwenyewe, na huyu watu humsahau. Ameacha kazi yake, ameuza nyumba, amehamisha wadogo wa mchezaji shule. Cheo chake kimefungwa kwenye goti la mtoto. Katika mikutano anajua wenzake wanajua. Hata akiwa kocha hodari, hataaminiwa mpaka mtoto aondoke na yeye abaki. Na wengi hawabaki.

Kisingizio kimekwisha

Mambo yamebadilika haraka kule. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake: matangazo, viatu, vinywaji. Mwaka 2025 jaji wa shirikisho aliidhinisha mapatano ya kesi iliyokuwa inaikabili NCAA, na tangu tarehe 1 Julai mwaka huo chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kwa kikomo kilichoanzia takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa michezo yote ya chuo. Kijana anayegombaniwa sasa ana mkataba, ana wakala, ana akaunti ya benki yenye jina lake.

Kwa hiyo ile hoja nzito imeshuka uzito. Chuo kikimtaka mtoto, kimlipe mtoto. Baba akitaka kukaa karibu naye, mtoto anaweza kumpangishia nyumba. Lakini wakati huohuo idadi ya makocha imeongezwa: tangu 2023 timu ya kikapu ya wanaume inaweza kuwa na wasaidizi watano badala ya watatu. Viti vimeongezeka viwili. Tena fedha za wachezaji zimewekewa kikomo, na mishahara ya makocha haina kikomo cha aina hiyo. Mtu mwerevu ataona mara moja kwamba kiti cha msaidizi kinaweza kutumika kupitisha fedha zilizozidi kikomo, kwa kumlipa baba kile ambacho mwana hawezi kuongezewa. Ndiyo maana habari hii haijawa historia.

Nikiulizwa, kanuni ningeiandika kwa vifungu vinne. Katazo la miaka miwili lihusu kazi zote, pamoja na ukocha. Anayetaka kumwajiri mzazi kabla ya hapo athibitishe kwamba mtu huyo alikuwa tayari kocha wa kulipwa wa ngazi ya chuo kabla mtoto hajaanza kutafutwa. Mkataba wake udumu hata mtoto akiumia, akihama au akienda NBA. Na asiwe na sauti yoyote katika dakika, ufadhili wala malipo ya mwanawe. Kwa vifungu hivyo, Press Maravich angepita bila shida. Ed Manning asingepita mwaka 1983, pamoja na heshima yangu yote kwa ubingwa wa 1988.

Sasa jibu kwa wazazi wanaonipigia simu. Watoto wetu wengi huondoka hapa peke yao, na mara nyingi mtu wa karibu yao kule ni mlezi wa kupewa au kocha wa shule iliyowapokea. Mkataze mtu huyo kupokea kazi, zawadi au cheo kwa jina la mwanao, na umwambie hivyo kwa maandishi kabla ndege haijaruka. Na siku chuo kikikuita wewe mwenyewe, kikakupa ofisi na cheo, uliza maswali mawili: mngeniajiri kama nisingekuwa na mtoto huyu, na nitakuwa bado nina kazi wiki moja baada ya yeye kuondoka? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, hiyo kazi ni bei ya mwanao. Ikatae, na mwambie kocha malipo hayo ayaandike kwenye mkataba wa mchezaji.